Wavu Mweupe wa Baraza la Mji

Wavu wa baraza la mji ulikuwa mweupe pe. Ulifungwa kwenye mdomo wa mtaro mkuu, pale maji ya mvua yanapoingia ziwani baada ya kuosha mji mzima, na kazi yake ilikuwa moja tu: kunasa taka. Sasa wavu wa kunasa taka ukibaki mweupe misimu miwili ya mvua, mtu mwenye akili timamu atauliza taka zimepitia wapi. Katika baraza lile hakuna aliyeuliza. Waliusifu, wakapiga picha mbele yake, wakautia kwenye kalenda ya mwaka.

Aliyejua jibu alikuwa injinia wa mifereji, mwanamke mfupi ambaye viatu vyake vya mpira vilikaa nyuma ya mlango wa ofisi kiangazi na masika. Wenzake walimwita Mama Mitaro. Alipoajiriwa aliliomba baraza mambo matatu. Barabara zifagiliwe kabla ya mvua, si baada. Kila gereji ichimbiwe shimo la kutulizia mchanga na oili, maji yapumzike humo kabla hayajaingia mtaroni. Na mwisho wa mtaro uwekwe wavu wa kukamata kitakachoponyoka. Baraza lilikaa, likanywa chai, likachagua wavu. Shimo la oili halikatiwi utepe, na hakuna mheshimiwa aliyewahi kupigwa picha na ufagio akapendeza.

Watu wengi mjini waliamini kwamba maji ya mtaroni hupelekwa mahali fulani kusafishwa. Hayapelekwi popote. Yanakwenda ziwani vile vile yalivyo, na oili yake, na nepi zake, na kila kitu ambacho mtu alikitupa mlangoni akijiambia mvua itachukua. Mvua ilikuwa inachukua kweli. Ilikuwa mfanyakazi wa pekee wa mji ule asiyechelewa kazini.

Siku ya kuzindua wavu paliwekwa hema, muziki na hotuba ndefu. Kila mgeni alipewa chupa ndogo ya maji yenye picha ya Mwenyekiti wa baraza akitabasamu, na chini ya kidevu chake maneno "Ziwa Letu, Uhai Wetu". Wageni walikunywa, wakazitupa chupa mtaroni, wakaenda zao.

Mvua ya kwanza ilipopiga, wavu ulijaa mpaka ukavimba. Mama Mitaro alisimama pale na mwavuli akicheka peke yake kwa furaha, maana kila kilichokuwa ndani ya wavu hakikuwa ndani ya ziwa. Lakini mpita njia mmoja alipiga picha lile lundo, akaisambaza, na kufikia jioni mji mzima ulikuwa unamcheka Mwenyekiti. Kesho yake injinia aliitwa.

Ofisi ya Mwenyekiti ilikuwa na zulia nene na dirisha linalotazama upande usio na ziwa. Kwenye kochi alikaa Afisa Habari, kijana wa kizibao chenye mifuko mingi isiyo na kitu, akitazama simu.

"Injinia," alisema Mwenyekiti, "nimekupa wavu mpya. Umenirudishia jaa."

"Mheshimiwa, ndiyo kazi yake. Taka zikiwa kwenye wavu, haziko ziwani."

"Lakini zikiwa ziwani hazionekani!" Mwenyekiti alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Wewe umezikusanya zote, umeziweka mahali pamoja, watu wazione. Mimi nina adui nje, sikujua nina mwingine ndani."

Hapo Afisa Habari akainua kichwa. Alikuwa na wazo. Wavu una winchi, sivyo? Basi mvua ikinyesha wavu upandishwe, taka zipite. Jua likitoka wavu ushushwe, watu wauone. Kwa njia hiyo wavu hautachafuka kamwe. Mwenyekiti alimtazama kama baba anavyomtazama mtoto aliyefaulu mtihani. Mama Mitaro alicheka, akidhani ni utani, halafu akaona kwamba anacheka peke yake.

"Tutauita Utaratibu wa Kulinda Wavu," alisema Mwenyekiti. "Ule ni mali ya umma. Hatuwezi kuuacha uchafuliwe na taka."

Angekataa. Alifungua mdomo akatae. Lakini alikuwa Kaimu Mkuu wa Idara kwa muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya majirani walidhani Kaimu ni jina la ukoo wake, na Mwenyekiti alikuwa anajua mahali pa kubonyeza. Neno lile "kaimu", alisema, linaweza kuondoka. Na yale mashimo ya gereji pia yanaweza kutazamwa, wakishinda Shindano la Miji Safi. Kwanza ushindi, mashimo baadaye. Mama Mitaro alifunga mdomo. Alijidanganya kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya mashimo.

Tangu siku hiyo, wingu likitanda alivaa viatu vya mpira, akatoa mkono wa winchi kwenye droo yake (ulifungiwa humo ili wanunuzi wa vyuma chakavu wasije wakauchukua) na kwenda mtaroni kwa mwendo wa mtu anayewahi msiba. Alizungusha, wavu ukapanda, na taka zikapita chini yake kwa heshima zote, moja kwa moja ziwani. Nyingine zilizama, nyingine zikaelea hadi ng'ambo ya pili ambako hakuna diwani anayeishi. Mvua ikikatika alizungusha tena na wavu ukashuka, mweupe, umetulia, haujui lolote.

Hayo yote angeyabeba. Watu wengi hubeba makubwa zaidi kazini na kurudi nyumbani wakala vizuri. Shida ni kwamba baba yake alikuwa muogeleaji.

Mzee alikuwa mwalimu wa michezo mstaafu, na wanafunzi wake, ambao sasa wana vipara, bado walimwita Mwalimu Kipenga. Kipenga chenyewe kilikuwa shingoni mwake mpaka leo. Aliishi kwa binti yake, chumba cha uani, na kila asubuhi alichukua taulo akashuka kwenye ngazi za zege kando ya mdomo wa mtaro, maana ufuo mzima ni pale tu palipokuwa na ngazi. Maji yalipoharibika sana aliacha kuogelea, akanuna mwaka mzima, akawa anagombana na redio. Wavu ulipowekwa alirudi ziwani siku ile ile.

"Binti yangu ameweka wavu," aliwaambia watu. Alimwambia kinyozi. Alimwambia muuza dawa. Alimwambia mtu yeyote aliyesimama karibu naye muda wa kutosha. Kwake siku nzuri kuliko zote ilikuwa ile inayofuata mvua, kwa sababu, alisema, maji ni mapya.

Kisha sikio lake la kushoto likaanza kutoa usaha. Miguu ikamwasha mpaka akawa anajikuna mezani. Daktari alimpa dawa ya matone na kumwuliza anaogelea wapi, na mzee alirudi nyumbani amekasirika.

"Baba, si upumzike kidogo mpaka sikio lipone?" alisema Mama Mitaro, akimwekea pamba jioni ile.

"Kupumzika nitapumzika nikifa."

"Lakini daktari kasema ni maji machafu."

"Daktari anajua masikio. Maji anayajua mwanangu." Mzee aligeuza shingo amtazame. "Au wavu una tatizo?"

Hapo ndipo pa kusema. Chumba kilikuwa kimya, mlango umefungwa, na pamba ilikuwa mkononi mwake.

"Hapana, baba. Wavu uko sawa."

Na ulikuwa sawa kweli. Ulikuwa safi kuliko shuka alilolalia mzee. Mama Mitaro aliitupa ile pamba iliyolowa, akanawa mikono mara mbili, na usiku huo hakupata usingizi wa maana.

Majaji wa shindano walikuja siku ya jua kali. Hema lilifungwa juu ya ngazi za zege, viti vikavalishwa vitambaa, na Mwenyekiti alitokea na buti mpya za mpira ambazo zilikuwa hazijawahi kukutana na maji. Wavu ulikuwa chini, mahali pake, unang'aa. Jaji mkuu, mama wa miwani mwenye sauti ya kuchoka, alipita karibu yake na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Mama Mitaro alisimama kando ya winchi, mkono wa chuma ukiwa ndani ya mkoba wake, moyo ukimdunda bila sababu. Sababu ikaja, imevaa kizibao.

"Nimepata kitu kikali," Afisa Habari alimnong'oneza. "Kuna mzee huwa anaogelea hapa kila siku. Nimemwomba aingie majini mbele ya majaji. Ushahidi unaotembea!"

"Mzee gani?"

"Mzee fulani tu. Ana kipenga."

Mama Mitaro aligeuka. Baba yake alikuwa anashuka kutoka hemani, kifua mbele, amevaa bukta mpya ya kuogelea yenye rangi ya machungwa na pamba mpya sikioni. Alikuwa anawapungia watu mkono. Muuza dawa alikuwepo. Kinyozi alikuwepo. Alikuwa amewaalika wote.

"Yule ni baba yangu," alisema.

"Acha wewe!" Afisa Habari alifurahi mno. "Basi ndiyo imekuwa tamu zaidi!"

Mama Mitaro alimkimbilia mzee kwenye ngazi ya juu, akamshika kiwiko. Juu ya vilima, mjini kwenyewe, wingu lilikuwa limekwisha kuwa jeusi, na pazia la mvua lilikuwa limeteremshwa juu ya gereji na soko. Pale ziwani jua lilikuwa bado linachoma.

"Baba, leo usiingie."

"Kwa nini?"

Hii ilikuwa nafasi ya pili, na watu wachache hupewa ya pili. "Kuna baridi," alisema.

Mzee alimtazama binti yake, akatazama jua, akamtazama tena. "Nenda kafanye kazi yako, mwanangu. Unanitia aibu mbele ya watu."

Mtaro mkubwa hausemi mara moja. Kwanza hutoa harufu, kisha mngurumo wa mbali, kisha upepo kidogo unaotoka kwenye mdomo wake. Mama Mitaro alisikia vyote vitatu akiwa anarudi kwenye winchi. Mwenyekiti alisikia pia. Kutoka hemani, huku akiendelea kumtabasamia jaji, aliinua kidole kimoja taratibu kuelekea mbinguni. Pandisha.

Aliuchomeka mkono wa winchi. Akazungusha mara moja, mara ya pili.

"Tunaupandisha wavu muukague kwa karibu!" Mwenyekiti aliwaambia majaji, na majaji wakasogea.

Kwenye ngazi, Mwalimu Kipenga alikuwa amekwisha kufika kwenye maji. Yalimfika vifundoni. Alinyoosha mikono juu kama alivyowafundisha watoto wa watu wote wale, akavuta pumzi, akapuliza kipenga kuwajulisha kwamba anaanza.

Mama Mitaro aliachia. Mkono wa winchi ulizunguka kinyume kwa kasi, wavu ukaanguka kwa kishindo, na maji yakafika.

"Baba, toka majini!" alipiga kelele kwa sauti aliyokuwa hajaitumia tangu azaliwe. "Toka! Maji ni machafu!"

Mzee alitoka, si kwa sababu ya maneno bali kwa sababu ya sauti. Alirudi ngazi tatu nyuma, akasimama, akatazama kama watu wote walivyokuwa wanatazama. Maji yalikuja meusi, yenye utando wa oili unaometa, na ule wavu haukuweza kuuzuia. Oili ilipita kama ilivyopita siku zote, maana mashimo hayakuwahi kuchimbwa. Lakini vingine vyote vilikwama. Mifuko ya plastiki. Nepi. Kandambili za mguu mmoja, kana kwamba mji mzima una watu wa mguu wa kulia tu. Mabaki ya soko. Paka mfu. Na mwisho, zikielea kwa furaha, chupa ndogo za maji, nyingi ajabu, zilizokuwa zimelala kwenye matope ya mtaro huko juu tangu siku ya uzinduzi zikingoja mvua yenye nguvu. Zilijipanga kwenye wavu, na juu ya kila moja Mwenyekiti alikuwa anatabasamu.

Kinyozi ndiye aliyeanza kucheka. Wengine wakafuata.

"Wavu ni mchafu," alisema jaji mkuu, akiandika.

"Wavu ukichafuka ndiyo umefanya kazi, mama," alisema Mama Mitaro.

"Inawezekana. Lakini hapa tunapima usafi wa wavu." Jaji alisita, akashusha sauti. "Mji tuliotoka jana, wao wavu wao bado uko kwenye boksi lake. Wamepata alama zote."

Mwenyekiti alikuwa ameshuka mpaka kwenye matope, buti zake zimekwisha kujua maji ni nini. Jasho lilimtoka, lakini alikuwa mwanasiasa, na mwanasiasa hakosi la kusema.

"Ndugu majaji, naomba mjionee wenyewe! Kabla ya huu wavu, mahali hapa hapakuwa na taka hata moja. Hata moja! Tangu injinia wetu ameuleta, taka zimejaa. Mimi nasema wazi, wavu huu unaleta uchafu, na baraza langu litauondoa!" Wajumbe wawili walipiga makofi. Kisha akamgeukia Mama Mitaro na kunong'ona huku akiuma meno. "Pandisha, zipite. Na kuanzia kesho wewe si kaimu wa kitu chochote."

Hivyo ndivyo neno "kaimu" lilivyoondoka hatimaye, na cheo chote kikalifuata.

Yeye hakumsikia vizuri. Alikuwa anamtazama baba yake. Mzee alikuwa amekaribia wavu, maji yakimchuruzika miguuni, na alikuwa anaufikiria kama alivyokuwa akimfikiria mwanafunzi aliyemaliza mbio bila kutoa jasho.

"Hizi zimekuja kwa mvua moja," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na mvua imenyesha misimu miwili. Na wavu kila siku mweupe." Aligeuka kumtazama binti yake. "Taka za mvua zile nyingine zilikwenda wapi?"

"Ziwani."

"Ulikuwa unaupandisha."

"Nilikuwa naupandisha."

"Mimi nikiwa ndani."

Mama Mitaro alitaka kusema kuhusu cheo, kuhusu mashimo ya gereji, kuhusu Mwenyekiti na zulia lake. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililokuwa jibu. "Wewe ukiwa ndani, baba," alisema.

Mzee aligusa pamba ya sikioni. Aliitoa, akaitazama, akaifinyanga kati ya vidole viwili. Aliumia, ilionekana mdomoni, ambao ulikuwa unatafuta mahali pa kutulia na haukupata. Kisha akamwacha binti yake pale pale, akaenda kwenye winchi, akauchomoa mkono wa chuma, akauweka kwapani, na akakaa juu ya winchi na bukta yake ya machungwa.

"Mzee, inuka hapo," alisema Mwenyekiti. "Tuna kazi ya kuupandisha."

Mwalimu Kipenga alipuliza kipenga usoni pake, pumzi nzima. Mwenyekiti alirudi nyuma akakanyaga nepi.

"Mimi ni mstaafu," alisema mzee. "Sina pa kuwahi. Leteni polisi, waje wamnyanyue mzee mwenye bukta mbele ya majaji. Huyo kijana wa mifuko atapiga picha."

Afisa Habari, ambaye kwa kweli alikuwa ameshainua kamera, aliishusha.

Wageni walianza kuondoka mmoja mmoja, kwa sababu mvua sasa ilikuwa imefika ziwani na hema lilikuwa linavuja. Majaji waliingia kwenye gari lao. Mwenyekiti aliondoka akizungumza kwenye simu na mtu ambaye huenda hakuwepo. Mama Mitaro alibaki, amelowa, viatu vyake vizuri vikiwa vimekwisha kuharibika.

"Baba, nisamehe."

"Nyamaza kwanza." Mzee hakumtazama. "Sikio langu linatoa usaha, na wewe umekuja kunipa habari za baridi. Na sijamalizana na wewe. Hilo ulijue. Nitakapokuwa tayari nitakwambia."

"Sawa, baba."

"Niletee suruali. Na chai kwenye chupa. Na reki."

"Reki ya nini?"

"Wavu umejaa. Usipotolewa taka utapasuka, na hapa kwenye winchi nitakuwa nimekaa bure. Nani atazitoa, Mwenyekiti?"

Alileta suruali, chai na reki, akavaa viatu vyake vya mpira, akashuka ngazi hadi maji yakamfika magotini. Alivuta taka nje kidogo kidogo, akizirundika kwenye zege, mgongo ukimwuma na harufu ikimpanda puani. Baba yake alikunywa chai bila kumkaribisha. Giza lilipokuwa linaanza kuingia alidhani amemaliza, akainua reki begani, akapanda ngazi ya kwanza.

Kipenga kikalia. Mzee alikuwa ananyoosha kidole kwenye kona ya wavu, ambako chupa moja ndogo ilikuwa bado imenasa, inatabasamu.

Mama Mitaro akarudi majini kuichukua.